Ulimi wa Profesa Cencetti

Nazzarena Tabarrini alikuwa na miaka kumi na tatu siku Profesa Ademaro Cencetti alipoilamba sahani ya kwao jikoni, na tangu siku hiyo hadi alipofika hamsini na minane hakuna jambo alilolitaka kwa moyo wote kama kumwona mtu yule akiumbuka. Watu wengine hutaka watoto, nyumba na afya. Yeye alivipata vyote hivyo, akavitunza vizuri, na bado kila asubuhi kinyongo chake kiliamka kabla yake. Ukiuliza kwenye baa ya uwanjani hapa Deruta, mji wetu wa vyombo vya udongo huku Italia, watakwambia Nazzarena ni mwanamke mpole. Wanakosea. Ni mvumilivu, na anayechanganya mambo hayo mawili hajawahi kukosana naye.

Baba yake, Settimio, alikuwa mchoraji katika karakana moja chini ya mji, njia ya kwendea mto Tiber. Kazi yake ilikuwa kuiga. Hatuionei haya kazi hiyo: nusu ya mji huu hula kwa kuchora upya yale yaliyochorwa na babu zetu miaka mia tano iliyopita, na mgeni anayenunua huambiwa wazi kuwa anabeba kitu kipya. Settimio alitushinda wote kwa mkono. Alijifunza akiwa mtoto kwa kuitazama sahani moja kubwa iliyotundikwa jikoni kwao, juu ya kasha la kukandia unga, sahani ya bibi wa bibi yake. Ilikuwa na mwanamke aliyegeuza uso ubavu, shingo ndefu, kwa buluu na ile rangi inayong'aa kama dhahabu bila kuwa na chembe ya dhahabu ndani yake. Settimio alimnakili mwanamke yule mara nyingi kiasi kwamba angeweza kumchora amefumba macho.

Cencetti alikuja mwaka 1966, mwezi wa mizeituni kuchumwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitano, profesa kutoka Perugia, na alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuorodhesha vyombo vya kale. Jikoni walikuwemo Settimio, mkewe Elide, Nazzarena, na jirani yao Derna, ambaye hakuna mgeni aliyewahi kuingia mtaa ule asimwone.

Profesa aliishusha sahani ukutani kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala. Hakuutazama uso wake. Aliigeuza akatazama mgongo, akaipima kwa kiganja, akaigonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, akaupulizia mgongo pumzi na kuunusa. Mwisho akakilamba kitako, pale ambapo kioo, ule mpako unaong'arisha chombo, kimechakaa na udongo uko uchi. Nazzarena alikuwa akimtazama usoni. Alimwona akifumba macho, na mdomo ukitetemeka kidogo kama wa mtu anayesali. Macho yalipofumbuka, uso ulikuwa mwingine.

"Nani alikwambia ni ya kale, Settimio?"

"Bibi yangu, Profesa. Na yeye aliambiwa na bibi yake."

"Mabibi!" Profesa akacheka, na Derna naye akacheka kwa adabu. "Njoo uone hizi tundu mbili za kupitishia kamba. Fundi wa zamani alitoboa kitako udongo ukiwa mbichi, ndiyo maana kioo kiliingia mpaka ndani ya tundu. Hizi zimetobolewa juzi, kwa keekee."

"Si kweli," akasema Nazzarena. "Ndani kunateleza. Kila Pasaka naiosha mimi."

Mama yake alimfinya paja mpaka pakavilia damu. Baba yake alisema, "Nyamaza, mwanangu, Profesa anaongea." Hakuna mtu mzima aliyeinama kutazama ndani ya tundu. Yaani hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Nazzarena miaka yote: kuinama tu, kuweka jicho, na uongo ungeishia pale pale jikoni.

"Na huu mkono naujua," Profesa aliendelea. "Ni mkono wako, Settimio. Au wa babu yako, kama unataka tumsingizie marehemu."

"Profesa, mimi sijawahi..."

"Sikulaumu. Kazi safi kabisa. Ila ukiendelea kuwaonyesha wageni na kuwaambia ni ya kale, bwana, hiyo ni jela. Nipe mimi. Nitawafundishia wanafunzi jinsi bandia inavyokuwa, na tutakuwa hatukuonana."

Settimio alikuwa mtu wa kuvua kofia mbele ya yeyote aliyevaa tai. Mkono ulifanana, ndiyo, na ungekosaje kufanana wakati sahani ndiyo iliyomfundisha mkono? Lakini maskini alibabaika, na hoja hiyo haikumjia hadi mgeni alipokwisha kuondoka. Elide aliifunga sahani kwa kitambaa cha meza cha harusi yake, akaongeza jibini zima la kondoo. Wakamsindikiza Profesa hadi kwenye gari. Wakamshukuru.

Derna alimaliza kazi iliyobaki. Kabla ya Jumapili, mji mzima ulishajua kuwa Settimio Tabarrini hughushi vyombo na kuwauzia wageni, na kwamba profesa wa watu kamsitiri. Kutoka siku hiyo hakuwa Settimio tena, akawa Bandia. Bandia kapita, Bandia kanunua mkate. Shuleni Nazzarena alikuwa Binti Bandia, na alipigana mara nyingi hadi mwalimu akachoka kumwadhibu. Mwenye karakana alimwita Settimio ofisini, akamwambia kwa upole kuwa wateja ni watu waoga. Mchoraji bora wa mji akaishia kuchora namba za nyumba na majina ya makaburi.

Miaka minne baadaye, Nazzarena, sasa naye mchoraji, aliletewa kitabu kikubwa cha picha ili anakili mapambo. Ukurasa wa sitini na mbili alikutana na mwanamke wa jikoni kwao. Hakuhitaji kusoma, lakini alisoma: mnamo 1520, kutoka familia kongwe ya Umbria, imethibitishwa na Profesa A. Cencetti. Alitoka mbio na kitabu kifuani, akapanda ngazi za mtaa wao bila kupumzika, akakifungua mbele ya baba yake kitandani. Settimio alikuwa na mapafu ya watu wa tanuri, yaliyojaa vumbi, na alibakiwa na majuma machache.

Aliufuata mstari wa ile shingo kwa kidole.

"Inafanana," akasema.

"Baba, ndiyo yenyewe! Ni yetu hii!"

"Inafanana tu, mwanangu. Yetu ilikuwa ya bandia. Nimefikiri sana. Nadhani babu ndiye aliyeichora, na mimi sikuwa na jicho la kuliona hilo."

Sisi watu wa vyombo tunajua neno hilo lina uzito gani. Jicho ndilo kila kitu. Mtu aliyeishi na sahani ile miaka hamsini alikufa akiwa amelikana jicho lake mwenyewe kwa sababu mwizi mmoja alimwambia halioni. Nazzarena alilia mazishini kama kila mtu, lakini chozi lilipokauka alikula yamini pale pale mbele ya jeneza. Angemlipa Cencetti kwa sarafu ile ile.

Hakuwa na haraka. Aliolewa na Ivo, dereva wa lori, mtu mcheshi asiye na kinyongo hata na polisi wa barabarani. Alizaa wavulana wawili. Akageukia kazi ya kuunga vyombo vilivyovunjika, na kwa kuunga akavijua vya kale ndani na nje kama daktari wa mifupa. Alijua kuwa mgongo wa sahani ya zamani ya hapa kwetu una kioo chembamba chenye rangi ya asali, kwa sababu babu zetu walikuwa wabahili na hawakupoteza unga ghali wa bati, unaokipa kioo weupe, mahali pasipoonekana. Alijua makovu ya vijiti vinavyoshikilia chombo tanurini, na namna kisu kinavyokwaruza ukingo kwa karne tano, bila mpangilio, tofauti na mikwaruzo ya mghushi inayokwenda upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Na alimsoma Cencetti. Alinunua vitabu vyake vyote. Alipanda basi kwenda Perugia kumsikiliza, akikaa kiti cha nyuma na kitambaa kichwani. Cencetti alikuwa amenenepa kwa heshima. Makumbusho yalimwita, matajiri walimtumia ndege, mahakimu walimwachia aseme kipi cha kale na kipi sicho, na neno lake likawa bei. Chombo alichokikubali kilinunua nyumba, na alichokikataa kilitumika kulia makaroni. Vipimo vya maabara alivicheka. "Mashine hudanganywa," alikuwa akisema, na kila mara ukumbi ulipiga makofi. "Ulimi haudanganywi."

Miaka kumi na tisa Nazzarena alijaribu kutengeneza sahani ya kumdanganya mtu mmoja tu duniani. Uso, mgongo, uzito, mlio, hata harufu, vyote alivipata. Ulimi ulimshinda. Udongo mpya hunyonya mate kivivu na huacha ladha mbichi, na yeye mwenyewe aliihisi kila alipolamba. Kila sahani aliyoishusha tanurini aliilamba, akatema, akaivunja kwa nyundo uani.

"Mke wangu," Ivo alimwambia siku moja akifagia vigae, "wenzako wanaweka akiba benki. Wewe unaweka kinyongo. Kina riba?"

"Kina."

"Basi nikopeshe kidogo, nimgawie yule aliyenigonga lori."

Ivo ndiye aliyeipata. Mwaka 2010 alikuwa akichimba kwenye chumba cha chini apitishe bomba la maji machafu, sururu ikazama. Nyumba zetu zote zimekaa juu ya shimo la taka la kale, ila si kila mtu hulifikia la kwake. Lao lilikuwa limejaa mifupa ya kuku, majivu na vigae vya tanuri iliyokuwa mahali pale enzi hizo. Katikati ya majivu ililala sahani kubwa nzima, tupu, rangi ya biskuti. Ilichomwa mara moja tu, haikupakwa kioo wala rangi. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukingoni. Fundi fulani aliuona miaka mia tano iliyopita, akatukana, akaitupa.

Nazzarena aliigeuza. Kitako kilikuwa na tundu mbili. Akakilamba, na udongo ukaung'ang'ania ulimi wake kama mtoto anayenyonya.

Ivo alimwona mkewe amekaa juu ya kifusi na sahani chafu mapajani, machozi yanatiririka, anacheka.

"Sheria inasema turipoti vitu kama hivi," akasema.

"Tutaripoti."

"Lini?"

"Nikimaliza."

Alikuwa na sahani moja na moto wa mara mbili mbele yake: wa kwanza wa kioo na buluu, wa pili wa ile rangi ya dhahabu, ambao huchomwa kwa moshi mzito wa matawi ya ginestra, kile kichaka cha maua ya njano, na hula vyombo vingi kuliko unavyovirudisha. Alingoja mpaka Machi, ginestra aliyoikata mwaka uliopita ikauke kabisa, maana mbichi ingemharibia. Aliteka maji ya kisima, akasaga kioo mwenyewe. Mchoro, uso wa mwanamke tena, aliutoboa kwa sindano kwenye karatasi, kama tunavyofanya sote, akaupigapiga kwa kifuko cha unga wa mkaa ili vitone vibaki juu ya sahani, kisha akavifuata kwa brashi. Tanuri ilipopoa hakuthubutu kuifungua. Ivo ndiye aliyeingiza mkono.

"Iko nzima," akasema kwa sauti ndogo. "Mama yangu wee. Inanitazama."

Ivo alivaa suti aliyomzikia baba yake, akaipeleka kwa Profesa Perugia. Alijitambulisha kuwa ni msimamizi wa mali za bibi mmoja wa ukoo mkubwa upande wa Todi, mjane mwenye haya, asiyetaka jina lake litajwe wala kuuza chochote, anayetaka tu kujua. Kwa Cencetti, neno "ukoo" lilikuwa tamu kuliko asali. Alikaa na sahani wiki mbili. Akaandika kurasa tatu na kuzisaini: Deruta, kati ya 1515 na 1525, mkono wa bwana, mojawapo ya zilizo bora kabisa alizowahi kuzishika. Akaomba ruhusa kuionyesha hadharani siku ya kutimiza miaka themanini, ambayo mji wetu, kwa ujinga wetu, ulikuwa umejitolea kumfanyia sherehe.

Sherehe ilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi wa manispaa. Meya alikuwepo na mkanda wake wa cheo begani, wapo watu wa makumbusho, wapo wachoraji wote wa mji na wake zao, na nyuma meza zilijaa porchetta, nguruwe mzima wa kuchoma, na divai. Profesa alipanda jukwaani na fimbo yake. Alizungumza nusu saa, kisha akaifunua sahani, na ukumbi ukaguna. Akaigeuza. Akaigonga, akainusa. "Na sasa," akasema huku akikonyeza jicho, "mashine yangu." Akakilamba kitako mbele yetu sote. Tulipiga makofi, hata mimi.

Makofi yalipokwisha, Nazzarena alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati, na karatasi imekunjwa mkononi.

"Hongera, Profesa. Ila hiyo sahani nimeichora mimi, mwezi wa tatu."

Watu walicheka. Profesa naye akacheka. "Bibi, divai bado haijamiminwa na wewe umeshaanza?"

Nazzarena alipanda jukwaani, akaikunjua karatasi, akaitandika juu ya sahani. Ilikuwa imetobolewa kwa sindano kuanzia juu hadi chini, nyeusi kwa mkaa, na kila tundu lilikaa juu ya mstari wake: paji, pua, kidevu, shingo, kila jani la ukingo. Wachoraji wa safu ya mbele waliinuka bila kuambiwa. Hatukuhitaji maelezo. Kisha akaigeuza karatasi waione nyuma. Ilikuwa kalenda ya bucha ya Fausto, Machi mwaka ule ule, na picha ya nguruwe.

Hakuna aliyecheka tena. Profesa alimtazama, na nikaona anamtambua, kwa macho au kwa kuhesabu miaka tu.

"Wewe ni binti wa Settimio."

"Ndiye mimi."

"Settimio Bandia!" Akaugeukia ukumbi, na nakuapia mzee alikuwa amepata nguvu. "Mabwana, mnakumbuka? Nilisema mimi! Miaka arobaini na mitano iliyopita niliingia nyumba ile nikasema, hapa panaghushiwa. Leo binti mwenyewe kaja kukiri kwa mdomo wake!"

Mnong'ono ulipita ukumbini, na haukuwa mzuri. Ivo, aliyekuwa karibu na mlango ndani ya suti yake ya mazishi, aliniambia baadaye kuwa moyo ulimwanguka hadi kwenye soksi. Lakini Nazzarena alikuwa amelingoja neno hilo tangu utotoni.

"Sawa, Profesa," akasema. "Mimi ni bandia, binti wa bandia. Nimekubali, waandike. Sasa nisaidie jambo moja, maana sikusoma. Hii umekaa nayo wiki mbili, umeilamba, umeandika kurasa tatu kwamba ni ya kale. Ya baba yangu ulikaa nayo robo saa, ukasema mpya. Halafu ikatokea kitabuni, na jina lako chini yake, ukasema ya kale. Ukurasa wa sitini na mbili, mwenye nacho akatazame. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Labda hujui, na hukuwahi kujua, na kila karatasi uliyosaini maisha yako ni ya kuwashia tanuri. Au unajua, na siku ile jikoni ulijua vilevile, ukamwibia mtu maskini na kumpaka matope juu yake. Kipofu au mwizi, Profesa. Chagua. Watu wanataka kula."

Mwanamke mmoja wa makumbusho, safu ya pili, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Profesa, na zile kumi na moja ulizotuthibitishia sisi?"

Mtu mwenye akili timamu angejishika kifua akaanguka. Au angesema, jamani, uzee, macho yamechoka, nisameheni, na tungemsamehe, tukamletea kiti na glasi. Kipofu angeenda nyumbani kwake akiwa na heshima nusu. Lakini sisi watu wa vyombo tuna wazimu wetu. Mwite mtu wa kazi hii mlevi, atakununulia kinywaji. Mwite mzinzi, atajichekea. Mwambie hana jicho, atakufa papo hapo ili akuthibitishie analo. Cencetti alikuwa mmoja wetu kwa hilo, kuliko alivyopenda kukiri.

"Nilijua!" alifoka. Fimbo iligonga sakafu. "Mimi nisijue? Niliijua kabla sijaigusa! Niliiona toka mlangoni, kwenye moshi ule na vitunguu vile, elfu moja mia tano na ishirini, haizidi na haipungui! Kioo ndani ya tundu kama machozi! Nani mwingine angeiona? Nyinyi? Mliitundika juu ya unga! Ulimi wangu ulipoigusa nilijua nimepata ile ambayo mtu huipata mara moja tu, na yule mjinga kashika kofia yake, ananiambia habari za bibi..."

Alisimama hapo. Alijisikia mwenyewe, nadhani, kama mtu anavyousikia mlango ukijifunga nyuma yake na ufunguo uko ndani. Meya alikuwa amekwisha kuanza kuvua mkanda.

Derna, wakati huo ana miaka themanini na minane na hasikii vizuri, alimuuliza jirani yake kasema nini. Akaambiwa. Alinyanyuka kwa kutetemeka.

"Kumbe Settimio alikuwa msema kweli," akasema kwa sauti ya viziwi, mji mzima ukamsikia. "Na mimi ndiye niliyemtangaza. Mungu anilaani."

"Umechelewa, shangazi," Nazzarena alimjibu, "lakini sema tena, wa nyuma hawajasikia."

Na Derna alisema tena.

Porchetta haikuliwa na Profesa. Wiki zilizofuata makumbusho yaliondoa vyombo alivyovithibitisha yakavipeleka maabara, magazeti yalimla nyama, na kwenye ukuta wa ile karakana ya chini ya mji wakaweka kigae chenye jina la Settimio Tabarrini, mchoraji. Nazzarena alikwenda kukitazama mara moja tu. Alisema mwandiko ni mbovu.

Ungedhani kisasi kimekwisha. Mwezi wa tisa teksi ilisimama mbele ya nyumba yao, akashuka Cencetti. Alikuwa amekonda, na shati limekuwa kubwa. Hakuja kuomba msamaha, na Nazzarena hakumkaribisha ndani.

"Kitako," akasema akiwa amesimama kizingitini. "Uso umenidanganya, nimekubali, wewe una mkono wa baba yako. Mgongo, mlio, sawa. Lakini kitako nilikilamba mara ishirini. Silali, bibi. Maabara wanasema vyombo vyangu vingi ni vya kweli, lakini hilo halinisaidii, kwa sababu pale ulimi wangu uliniambia kweli kabisa, na ulikuwa uongo. Niambie tu ulifanyaje. Udongo ule ulikuwa wa kale. Ulikuwa wa kale, sivyo?"

Neno moja tu. Angesema ndiyo, mzee yule angerudi Perugia mwizi, ameaibika, lakini mzima, na ulimi wake mdomoni. Ivo alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, na anasema alimgusa kiwiko.

Nazzarena alimtazama Profesa usoni, kama alivyomtazama jikoni akiwa na miaka kumi na tatu.

"Udongo wa dukani," akasema. "Wa mifuko. Mtu yeyote angeutambua, Profesa. Ni jicho tu huna, na ulimi pia."

Alimwamini. Hakubisha hata kidogo. Alitikisa kichwa polepole kukubali, akasema, "Nilidhani hivyo," akarudi kwenye teksi akipapasa njia kwa fimbo.

Alikufa kabla ya Krismasi. Mpwa wake alituambia kuwa siku za mwisho walimletea kikombe kidogo cha familia, cha kale bila shaka yoyote, ili kumchangamsha. Alikigeuza na kukigeuza mikononi, hakukipeleka mdomoni, akasema, "Sijui."

Wapo hapa mjini wanaosema Nazzarena alizidisha. Mimi simo, sikuitwa Binti Bandia. Baada ya mazishi ndipo alipokwenda manispaa kuripoti lile shimo, akakabidhi vigae vyote na ile sahani, akaeleza kila kitu, na sote tukajua kuwa ulimi wa Cencetti haukuwahi kukosea. Mimi nilikuwepo uani kwa Nazzarena siku Ivo alipomletea habari ya kile kikombe na lile neno la mwisho. Alikuwa akiunga bakuli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema, na kuniomba nimpitishie gundi.